Kibandiko cha nikotini: namna ya kuvuka arosto ya sigara

Wengi wanaojaribu kuacha sigara hawashindwi mwezi wa tatu. Hushindwa katika wiki ya kwanza, mara nyingi siku ya pili au ya tatu, wakati mwili unadai nikotini kwa nguvu zote. Mtu hukasirika kwa jambo dogo, hakai mahali pamoja, usingizi humpaa, njaa haimwishi na kazi haishikiki. Mitaani hali hiyo huitwa arosto. Mara nyingi jamaa wa nyumbani ndio wa kwanza kumwambia, "Afadhali uvute tu."

Kibandiko cha nikotini kimetengenezwa kwa ajili ya siku hizo. Ni kipande chembamba kinachobandikwa kwenye ngozi na kuachilia nikotini kidogo kidogo kuingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza tiba za aina hii katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009.

Swali la kwanza huwa hili: mtu ataachaje nikotini kwa kupewa nikotini? Nikotini ndiyo inayomfunga mvutaji, lakini madhara makubwa ya mapafu, moyo na saratani hutokana na moshi, wenye lami, gesi ya kaboni monoksidi na kemikali nyingine nyingi. Kibandiko hakina moshi. Tena, sigara hufikisha nikotini kwenye ubongo kwa sekunde chache, na mshtuko huo wa haraka ndio unaojenga uraibu. Kibandiko huchukua saa kadhaa kufikia kilele chake. Hakileti raha ya sigara, na hapo ndipo baadhi ya watu hudhani hakifanyi kazi. Kazi yake ni kupunguza arosto hadi kiwango ambacho mtu anaweza kukivumilia. Hamu bado itakuja, ila kwa kawaida hupita baada ya dakika chache.

Kipimo hutegemea idadi ya sigara. Kwa vibandiko vya saa 24, anayevuta zaidi ya 10 kwa siku kwa kawaida huanza na cha miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, na kumalizia na 7 kwa wiki 2. Anayevuta 10 au pungufu huanza na 14. Wanaonunua sigara moja moja kibandani mara nyingi hawajui wanavuta ngapi, kwa hiyo inafaa kuhesabu kwa siku mbili tatu kabla ya kwenda duka la dawa au kituo cha afya. Mhudumu aelezwe pia kama sigara ya kwanza huvutwa ndani ya nusu saa baada ya kuamka, maana hiyo ni dalili ya uraibu mkubwa.

Kosa linalowagharimu wengi ni kuacha mapema. Baada ya wiki mbili mtu hujiona amepona, huweka vibandiko vilivyobaki kando, na sherehe ya kwanza humrudisha alikotoka. Wengine hukata kibandiko vipande viwili ili kubana matumizi. Kisikatwe. Anayeona gharama ni kubwa azungumze na mhudumu kabla ya kuanza, wala si katikati ya tiba.

Kibandiko hubandikwa asubuhi, mahali pakavu pasipo na nywele wala kidonda: juu ya mkono, kifuani au mgongoni. Waliozoea kujipaka mafuta baada ya kuoga waache sehemu hiyo bila mafuta, la sivyo kitabanduka kwa jasho kabla ya saa sita mchana. Kesho yake kipya huwekwa mahali pengine, na pale pa kwanza hupumzishwa kwa wiki nzima. Kuwashwa kidogo ni kawaida. Anayesumbuliwa na ndoto nzito anaweza kukivua kabla ya kulala. Lakini kichefuchefu, kizunguzungu au moyo kwenda mbio ni ishara kuwa nikotini imezidi: kivuliwe, na ushauri wa daktari utafutwe.

Wajawazito, wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18 na waliopata mshtuko wa moyo karibuni wasianze bila kumwona daktari. Wenye kisukari wanaotumia insulini wamjulishe pia, kwa kuwa kuacha sigara kwaweza kubadilisha kipimo wanachohitaji.

Anayevaa kibandiko hapaswi kuvuta. Hata hivyo, akiteleza akavuta moja, hiyo si sababu ya kuitupa tiba yote, aendelee. Ajiulize alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini. Kwa wengi jibu ni miraa, pombe au kikombe cha chai baada ya mlo, na hakuna kibandiko kinachoweza kuziondoa desturi hizo. Pale hamu inapokuja kwa ghafla, mhudumu anaweza kushauri chingamu ya nikotini itumike pamoja na kibandiko. Chai na kahawa zipunguzwe pia: mwili wa aliyeacha sigara huondoa kafeini polepole kuliko awali, na kukosa usingizi kunakolaumiwa kibandiko huenda kumetokana na kikombe cha jioni.

Kibandiko kilichotumika bado kina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto. Kikunjwe upande wa gundi ndani, kitupwe mahali ambapo watoto na mifugo hawafiki, na mikono ioshwe.

Ushauri kuhusu kuacha tumbaku hupatikana pia kwa kupiga nambari 1192 ya NACADA, bila malipo.