Namba ya ISO: Kwa Nini Picha za Miradi Yetu Hutoka Giza



Ndugu wanakamati wa parokia na wafadhili wetu wapendwa, kila robo mwaka tunapokea taarifa za miradi kutoka parokiani na vigangoni. Nyingi zimeandikwa vizuri na hesabu zake zimekaa sawa. Tatizo letu ni picha. Mara nyingi watu wanaonekana kama vivuli, au nyuso zimetikisika kiasi kwamba mtu hawezi kumtambua hata jirani yake.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu wengine, kwani na sisi yalitupata hapa Mjimwema siku ya kukabidhi madawati. Mvua ilinyesha, shughuli ikahamishiwa darasani. Tulikuwa tumesikia kwamba namba ndogo ya ISO ndiyo inayotoa picha safi, basi tukaiweka 100 na kuiacha hapo. Tulipiga picha zaidi ya 40. Iliyofaa ilikuwa moja tu, ya madawati yenyewe, kwa sababu madawati hayatikisiki. Watoto, wazazi na mwenyekiti wa kamati wote walitoka ukungu mtupu. Siku ile haiwezi kurudiwa.

Kwa mfadhili aliye mbali, picha ni sehemu ya ushahidi kwamba sadaka yake imefika. Kwa mzazi aliyechangia mbao, ni kumbukumbu ya jasho lake. Ndiyo maana katika toleo hili tumeona tuieleze namba hii.

ISO ni nini?

Herufi hizi ni za Shirika la Kimataifa la Viwango, lenye makao yake Geneva, Uswisi. Waliotumia kamera za mkanda watakumbuka maboksi ya filamu yaliyoandikwa 100, 200 au 400. Zamani Wamarekani walikuwa na kipimo chao kilichoitwa ASA, na Wajerumani chao kilichoitwa DIN. Mwaka 1974 vipimo hivyo viwili viliunganishwa kuwa kimoja cha ISO. Namba hiyo inaeleza jinsi filamu inavyoitikia mwanga: filamu ya 400 inahitaji robo tu ya mwanga unaohitajiwa na filamu ya 100.

Ukishaweka mkanda wa picha 36, namba ilikuwa ni hiyo hadi mkanda uishe. Kamera ya dijitali imetuondolea kifungo hicho. Unaweza kupiga picha moja uani kwa ISO 100, ukaingia ndani na kupiga inayofuata kwa ISO 1600.

Mfano wa kipaza sauti

Tuchukue mfano wa kanisani. Katekista mwenye sauti ndogo anasoma matangazo, na watu wa nyuma hawasikii. Fundi wa mitambo anaongeza sauti. Sasa wote wanasikia, lakini pamoja na maneno unasikika pia mvumo wa spika. Katekista hakuongeza sauti yake; mashine ndiyo iliyoikuza, na mvumo nao ukakuzwa.

Kuongeza ISO katika kamera ya dijitali ni vivyo hivyo. Hakuleti mwanga mpya chumbani. Kamera inakuza ule mwanga kidogo ilioupata, na kasoro zake zinakuzwa pamoja nao. Kasoro hizo ndizo zile chenga tunazoziona kwenye picha za usiku. Simu huonyesha chenga mapema kuliko kamera kubwa, kwa sababu sehemu yake ya kupokea mwanga ni ndogo sana.

Faida yake iko kwenye muda

Kila ukizidisha ISO mara mbili, kamera inahitaji nusu tu ya muda iliouhitaji mwanzo. Tuseme darasa lenye madirisha madogo, siku ya mawingu, linahitaji hivi:

ISO 100: 1/8 ya sekunde
ISO 200: 1/15 ya sekunde
ISO 400: 1/30 ya sekunde
ISO 800: 1/60 ya sekunde
ISO 1600: 1/125 ya sekunde

Mkono wa binadamu hauwezi kutulia vizuri kwa 1/8 ya sekunde, na mtoto anayepokea daftari hatulii kabisa. Kwa watu waliokaa, tusishuke chini ya 1/60. Kwa watu wanaotembea, kucheza ngoma au kupeana mikono, 1/125 au haraka zaidi. Hapo ndipo tulipokosea: tuliogopa chenga, tukapata mtikisiko. Picha yenye chenga kidogo, ikichapwa ndogo kwenye jarida kama hili, chenga zake hazionekani sana. Picha iliyotikisika haitengenezeki.

Kuanzia wapi?

Nje kwenye jua kali, ISO 100 inatosha. Chini ya mwembe au siku ya mawingu, 200 hadi 400. Darasani au kwenye zahanati yenye madirisha, 800 hadi 1600. Kanisani jioni kwa taa chache, 1600 hadi 3200. Ukimaliza, rudisha namba chini, la sivyo kesho yake utapiga picha za shambani zenye chenga bila sababu.

Kabla ya kupandisha namba, tafuteni mwanga kwanza. Fungueni milango na madirisha. Waombeni watu waelekee dirishani badala ya kulipa mgongo. Flashi ndogo ya kamera hufika mita chache tu: walio mbele wanang'aa, walio nyuma wanabaki gizani, na wakati wa ibada inasumbua.

Jambo jingine linahusu nyuso zetu. Kamera ikiona ukuta mweupe nyuma ya watu, hudhani kuna mwanga mwingi, ikapunguza, na nyuso zikawa nyeusi zisizosomeka. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, picha itarekebika. Kwenye kamera, ongeza mwanga kwa alama ya kujumlisha. Msitegemee kuja kuing'arisha kwenye kompyuta, kwani picha ya giza ikiongezwa mwanga baadaye huleta chenga nyingi.

Ombi letu

Kwa kamati: mteueni mtu mmjoa wa kupiga picha, afike nusu saa kabla, apige picha mbili au tatu za majaribio na kuzikuza kwenye kioo aone kama macho ya watu yanaonekana. Awaombe ruhusa watu kabla ya kuwapiga.

Kwa wafadhili: mkiona katika kurasa zetu picha yenye chenga, jueni imepigwa ndani ya chumba chenye dirisha moja, siku ya mvua, na aliyeipiga alichagua mzione sura za watu kuliko kupata picha laini isiyo na mtu anayetambulika.

Madawati ya Mjimwema bado yanatumika. Tutarudi kuyapiga picha tena, safari hii na watoto wakiwa wameyakalia.