Kalobeyei: mpango wa miaka 15, fedha za msimu

Mwaka 2015 serikali ya Kaunti ya Turkana, nchini Kenya, ilikubali kutoa hekta zipatazo 1,500 za ardhi, si mbali na kambi ya Kakuma, ili pajengwe makazi ya namna mpya. Wakimbizi na wenyeji wangeishi jirani, watoto wao wasome shule moja, wagonjwa watibiwe zahanati moja. Shirika la UN-Habitat likachora mitaa, masoko na barabara. Mpango wenyewe, KISEDP, ulipangiwa kufika 2030. Miongoni mwa wafadhili ni Umoja wa Ulaya, kupitia mfuko wa dharura uliozinduliwa Valletta, Malta, Novemba 2015, mwaka ambao zaidi ya watu milioni moja walivuka bahari kuingia Ulaya. Lengo la mfuko lilitajwa wazi: kushughulikia sababu zinazowafanya watu wahame.

Julai 2016 vita vikazuka upya Juba, Sudan Kusini. Watu wakamiminika mpakani, na mji uliokuwa bado kwenye karatasi ukageuka mahali pa kupokelea wageni. Wenyeji wengi hawakuhamia humo. Mfugaji wa Kiturkana hufuata malisho, hafuati mtaa uliochorwa. Kila familia ilihimizwa kulima bustani karibu na nyumba, lakini maji hata ya kunywa yalikuwa ya mgao.

Kilichochangamka ni biashara. Badala ya kupanga foleni ya mahindi, mkimbizi wa Kalobeyei alipokea thamani ya chakula kwenye simu, kwa utaratibu ulioitwa Bamba Chakula, akanunua katika duka lililoidhinishwa. Ni wazo zuri, nami naliunga mkono hadi leo: mtu achague mwenyewe atakachopika. Ila fedha hazikutosha mwezi. Mwenye duka akakopesha unga na mafuta, na dhamana ikawa laini ya simu au kadi ya benki ya mkopaji. Mgao ulipoingia, mwenye duka alikata chake kwanza. Mwenye deni hakuweza kwenda duka la pili hata kama bei huko ilikuwa nafuu, kwa hiyo ule uhuru wa kuchagua uliokusudiwa ulibaki kwa wachache wasiodaiwa.

Halafu kuna makaa. Wanawake wa Kiturkana huyabeba, pamoja na kuni, hadi milangoni mwa wakimbizi, wakalipwa fedha au unga. Biashara hii ilikuwapo tangu Kakuma ilipoanzishwa mwaka 1992, nayo imeunganisha watu kuliko majengo mengi ya mradi. Ndiyo maana mgao ukipunguzwa, njaa haiishii kwa mkimbizi. Mama wa makaa naye hurudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 2025 ulionyesha hivyo kwa ukatili. Marekani ilikata misaada, wafadhili wengine wakapunguza, na kufikia Juni Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa limeushusha mgao hadi asilimia 28 ya kiwango kinachopendekezwa na kusitisha fedha taslimu. Baadaye familia zikagawanywa kwa makundi, na kundi lililohesabiwa kuwa linajiweza likaachwa bila chochote. Watu wakaandamana. Januari mwaka huohuo Marekani ilikuwa imesimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, huku wengine Kakuma wakiwa tayari kwa safari.

Kwa maoni yangu, Kalobeyei haikuangushwa na wazo la kujitegemea. Iliangushwa na fedha zinazofuata hofu ya wapiga kura wa mbali, zinazokuja boti zikionekana pwani ya Ulaya na kukauka habari zikihamia kwingine. Kenya nayo ina sehemu yake. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imefungua mlango, na mpango wa serikali wa kuwajumuisha wakimbizi na wenyeji, uitwao Shirika, ukazinduliwa Machi 2025, lakini mkimbizi bado anahitaji kibali ili atoke Turkana. Atajitegemeaje katika nchi kame kiasi hiki kama haruhusiwi kwenda Eldoret kutafuta kibarua?

Nchi tajiri ziweke ahadi ya fedha kwa miaka yote ya mpango zinaoufadhili, na zirudishe nafasi za kuwapokea watu zilizozifunga. Nairobi nayo iondoe sharti la kibali. Hayo yafanyike sasa, maana muda wa KISEDP unaisha 2030.