Gari Kuukuu: Mifupa Kwanza, Rangi Baadaye

Katika miji yetu ya pwani si nadra kupita uani kwa mtu ukaona gari kuukuu la mizigo limesimama chini ya mwembe, kuku wametaga ndani yake, na mwenyewe asema, "Siku moja nitalifufua." Vijana wetu nao hutamani kuyatengeneza magari hayo kwa mikono yao. Jambo hili ni jema, kwani lafunza subira, na kazi ya mikono haina aibu. Lakini lina mlango wake wa kuingilia, na aingiaye kwa dirisha hujuta. Sisi tuliingia kwa dirisha; basi yafaa tueleze yaliyotupata, ili wengine yasiwapate.

Gari letu ni Land Rover ya mwaka 1969, yenye nafasi ya watu watatu mbele na bodi ya mizigo nyuma. Magari ya jina hili yalionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, mwezi wa Aprili 1948. Wakati ule, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma cha pua kilikuwa haba Uingereza, kikigawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo kampuni ya Rover ikaunda bodi kwa alumini. Ndiyo sababu hata leo twaona Land Rover zenye umri wa zaidi ya miaka 50 na bodi zingali nzima. Lakini hapo ndipo penye hadaa. Bodi ni ya alumini, na chasisi inayoibeba ni ya chuma, nayo imeundwa mfano wa sanduku refu lenye uwazi ndani. Matope na maji ya chumvi huingia humo yakakaa, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Mtazamaji huona gari zima, kumbe mifupa imekwisha kuoza.

Tulipolinunua, injini iliwaka siku ya tatu. Kijana wetu akasema, "Baba, tulipake rangi kabla ya Idi, watu walione." Nasi, kwa kupenda kuonekana, tukakubali. Fedha zote zikaenda kwenye rangi ya kijani na viti vipya. Siku ya pili ya Idi tukawapakia nyuma watoto sita wa chuo, tukashika njia ya kwenda kivukoni Pangani. Tulipofika penye mteremko wa kuingilia pantoni, kijana alikanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini, na gari lisishike. Mbele yetu walikuwapo watu na baiskeli zao, na mbele yao maji.

Alhamdulillahi, kijana aliwahi kuvuta breki ya mkono. Katika gari hili breki ya mkono haitegemei mafuta ya breki. Hukamata shafti inayotoka kwenye gia kwenda magurudumu ya nyuma. Gari likasimama. Watoto walidhani ni mchezo, wakacheka. Sisi hatukucheka.

Sababu ilikuwa bomba moja jembamba lililoliwa na kutu hata likapasuka. Gari letu lilikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne; likipasuka bomba moja, breki zote za mguu zimekwenda. Tuliporudi nyumbani tulichoma bisibisi kwenye chasisi, ikapenya kama kwenye papai. Kosa halikuwa la gari, wala la kijana. Lilikuwa letu sisi wakubwa. Basi tukaanza upya, na utaratibu wetu ulikuwa huu.

Kwanza, chasisi. Kabla hujanunua chochote, lala chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge kila mahali. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Palipooza pakatwe pote mpaka kufikia chuma safi, ndipo fundi achomelee bamba jipya. Kubandika bamba juu ya kutu ni kuficha, si kutengeneza. Tangi la petroli, ambalo katika gari letu liko chini ya kiti, liondolewe liwekwe mbali kabla ya kuchomelea, kwani hata tangi tupu hubaki na mvuke unaoweza kulipuka. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake; liwekwe kwanza juu ya stendi imara za chuma.

Pili, breki. Tuliondoa mabomba yote, tukatia ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, yasiyoshika kutu. Kisha tukatia masta silinda ya njia mbili, moja ya magurudumu ya mbele na moja ya nyuma, ili moja ikiharibika nyingine ibaki. Katika mageuzi yote tuliyoyafanya, hili ndilo bora. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, kwa hiyo yafaa kubadilishwa kila miaka 2. Usitie oili ya injini mahali pake, kwani huvimbisha mipira. Na vumbi la viatu vya breki vya zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwani vingi vilitiwa asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji.

Tatu, umeme. Ukitaka kuondoa dinamo na kutia altaneta, tazama kwanza ni ncha gani ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Baadhi ya magari ya zamani hufungwa ncha ya chanya, na altaneta nyingi zataka hasi, ukikosea utaiunguza.

Nne, na mwisho, rangi. Alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, huliwa ikawa unga mweupe. Kwa hiyo paka rangi pande zote mbili, na utie mpira mwembamba katikati.

Kazi hii ilituchukua miezi 14. Rangi ni ile ile ya kijani, sasa imepauka, wala hatuna haraka ya kuipaka tena. Mbele tumetia mikanda mitatu, nasi hatupandi zaidi ya watu watatu. Nyuma hupanda nazi na magunia, si mtoto wa mtu. Watoto wa chuo hutuomba, nasi huwajibu kuwa tuliwahi kuwapeleka kivukoni mara moja, na hiyo yatosha.

Na kama siku moja tutaliuza, mnunuzi tutamlaza kwanza chini ya gari na nyundo mkononi, kabla ya kumwonyesha rangi. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutengeneza yaliyofichika kabla ya yaonekanayo. Amin.