KOFIA YA MTU ANAYESHUKA KISIMANI



Wakati wa kiangazi maji hupungua visimani. Vijana hushuka kwa kamba ili kuchimba zaidi na kutoa matope. Pengine hushuka kumwokoa mtu aliyetumbukia.

Kiangazi kilichopita nilimshona kijana mmoja hapa zahanati. Alikuwa kisimani, amevaa kofia ngumu. Wenzake walipopiga kelele, aliinua uso kutazama juu. Kofia ikadondoka. Jiwe dogo kama yai la kuku likampiga kwenye paji la uso. Kofia alikuwa nayo, lakini haikumsaidia.

Jiwe linaloanguka kutoka mita 10 hufika chini kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Huo ni mwendo wa gari. Tena, mtu aliye kwenye kamba hubembea na kujigonga ukutani. Kwa hiyo kofia yake lazima ibaki kichwani, hata akipinduka.

Je, tuchague kofia gani?

Kofia ya pikipiki haifai. Ni nzito, ina joto, na huziba masikio. Aliye chini hawezi kusikia sauti za walio juu.

Kofia ya ujenzi ni bora kuliko kichwa kitupu. Lakini nyingi hazina mkanda wa kidevu. Zenye mkanda, kwa kawaida mkanda huo hufunguka ukivutwa kwa nguvu. Umetengenezwa hivyo ili kofia ikinaswa isimnyonge mtu. Kwa anayening'inia kwenye kamba, hilo ni tatizo.

Kofia ifaayo ni ya wapanda milima au ya waokoaji. Mkanda wake hustahimili mvuto wa kilo 50. Wewe umejifunza kusoma, basi tumia kisomo chako dukani. Geuza kofia, tazama ndani. Kofia ya wapanda milima huandikwa EN 12492. Ya ujenzi na viwandani huandikwa EN 397.

Lakini usiamini maandishi peke yake. Ijaribu hivi:

1. Ivae, uikaze, ufunge mkanda chini ya kidevu.
2. Inama, kisha tikisa kichwa. Isicheze.
3. Mwambie mwenzako aisukume kutoka nyuma, kisha kutoka mbele. Ikikufunika macho au ikiacha paji la uso wazi, chagua nyingine.
4. Tazama ndani. Lazima kuwe na mikanda inayotenga kichwa na gamba la kofia, au povu gumu. Hivyo ndivyo vinavyopunguza nguvu ya pigo. Gamba tupu halifai.
5. Kagua kama ina ufa, au kama imepauka kwa jua.

Kofia iliyopigwa kwa nguvu isitumike tena, hata kama huoni ufa. Usiipake rangi wala kuisafisha kwa petroli, kwa maana plastiki hudhoofika. Ioshe kwa maji na sabuni, uiweke kivulini.

Kama bei ni kubwa, watu wa kisima kimoja wachange wanunue moja. Na wanaovuta kamba wasirundike mawe ukingoni.

Sasa sikiliza jambo kubwa zaidi. Kofia haizuii hewa mbaya. Mtu akizimia kisimani bila kupigwa na kitu, usimfuate. Wengi hufa hivyo, mmoja baada ya mwingine. Kama amefungwa kamba, mvuteni kutoka juu. Hapa Tanzania, pigeni simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ndiyo maana anayeshuka asifunguliwe kamba kamwe.

Na aliyepigwa kichwani, akitapika, akisinzia mno au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja, hata kama hana jeraha.

Kijana wangu alipona. Ana kovu, na sasa ana kofia yenye mkanda. Wewe usingoje kovu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI
1. Kwa nini kofia ya kijana ilidondoka?
2. Nani hushuka visimani kijijini kwenu? Huvaa nini kichwani?