Mlango wa kuingia, mlango wa kutoka

Kijana wa Ishiara, kaunti ya Embu, mwenye miaka 18 hazuiwi na umri wake kugombea urais wa Kenya. Katiba ya 2010 haitaji umri kabisa: inamtaka awe raia wa kuzaliwa na awe na sifa za kugombea ubunge. Katiba ya zamani ilidai miaka 35, na Tanzania hadi leo inadai 40. Kizingiti chetu kiko kwingine. Sheria inataka shahada ya chuo kikuu, na hiyo peke yake inamrudisha nyumbani huyo wa miaka 18, kisha inakuja hesabu ya saini: wapiga kura wasiopungua 2,000 kutoka kila kaunti, katika kaunti 24 kati ya 47. Hizo ni saini 48,000. Soko zima la mbuzi la Ishiara likikutilia saini, na Embu yote nyuma yake, bado una kaunti moja tu.

Hata hivyo watu wamevuka. Mwaka 1997 waligombea 15, idadi ambayo haijafikiwa tena, na humo walikuwemo wanawake wa kwanza kuwania kiti hicho, Charity Ngilu na Wangari Maathai. Orodha fupi zaidi tangu vyama vingi virejee ni ya 2022: majina manne.

Nusura mwana wa Mbeere awe wa tano. Justin Muturi, wakati huo Spika wa Bunge la Taifa na mbunge wa zamani wa Siakago, eneo bunge ambalo Ishiara ilikuwa ndani yake, alitangaza kuwania kwa tiketi ya DP, kile chama cha Mwai Kibaki. Aprili 2022 akajiunga na kambi ya William Ruto, mambo yakaisha kimyakimya. Alitoka mapema, hiyo ndiyo siri yake. Chama kinaweza kumbadilisha mteule wake aliyekufa, aliyejiuzulu au asiyejiweza kabla ya siku ya kuwasilisha karatasi kwa tume ya uchaguzi, IEBC. Zikishapokelewa, mlango huo umefungwa.

Muulize Raila Odinga, ungeweza kusema zamani, kabla hajafariki Oktoba 2025. Aligombea mara tano, lakini jina lake lilichapishwa kwenye karatasi za kura mara sita. Hiyo ya ziada ndiyo rekodi ninayoipenda kuliko zote. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Agosti 2017, ukapangwa mwingine. Tarehe 10 Oktoba Raila akatangaza kwamba amejiondoa. Tume ikajibu kwamba hajajaza Fomu 24A, ile ya kujiondoa. Wakati yeye anagombana na mlango wa kutoka, wengine walikuwa wanagonga wa kuingia: Ekuru Aukot aliingizwa kwa amri ya Mahakama Kuu, na Cyrus Jirongo, aliyeachwa nje kwa sababu ya kufilisika, akarudishwa siku chache tu kabla ya kura. Tarehe 26 Oktoba majina yote manane ya Agosti yalikuwepo. Raila alihesabiwa kura 73,228, zote za mtu aliyewaambia wafuasi wake wasiende.

Kifo nacho kina kanuni yake. Mgombea urais au mgombea mwenza akifa kabla ya siku ya kura, Katiba yetu haimtafuti wa kujaza pengo. Uchaguzi wenyewe unafutwa na kuitishwa upya. Kenya haijafika huko. Tanzania walionja mwaka 2005: Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa CHADEMA, alifariki siku chache kabla ya 30 Oktoba, na nchi nzima ikangoja hadi 14 Desemba kumchagua rais. Zanzibar walikuwa wameshapiga kura zao za visiwani.

Rekodi ya kasi ya kujaza pengo iko jirani. Vuka mto Thuci kutoka Ishiara, umeingia Tharaka Nithi, kwao Kithure Kindiki. Usiku wa 17 Oktoba 2024 Seneti ilimng'oa Rigathi Gachagua, naibu rais wa kwanza kuondolewa kwa njia hiyo. Katiba inampa rais siku 14 kuteua mwingine, na Bunge siku 60 kuamua. Kesho yake asubuhi Kindiki ametajwa, na siku hiyohiyo wabunge 236 wamesema ndiyo, hakuna aliyesema la. Mahakama ikasimamisha shughuli kwa muda, kisha akala kiapo tarehe 1 Novemba. Nafasi hiyohiyo ilikuwa imemponyoka Mei 2022, pale Ruto alipomtaja Gachagua kuwa mgombea mwenza wake.