Kutoka unesi mpaka kuongoza chuo kikuu cha madaktari: inawezekana, tena imeshatokea



Juzi nilikuwa nyumbani Kasulu. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha nne, masomo ya sayansi kafaulu vizuri tu. Jioni tuko kwenye ugali na migebuka, mjomba akatoa hukumu: "Huyu aende unesi hapo Kabanga, karibu na nyumbani. Udaktari ni wa watoto wa Dar." Dogo akainamia sahani. Na mimi, msomi wa familia, nikanyamaza... sikuwa na jibu.

Leo ninalo. Linaitwa Profesa Esther Mwaikambo.

Huyu mama alizaliwa mwaka 1940 na alianzia huko huko, unesi na ukunga. Kumbukeni hali ya wakati ule: tulipopata uhuru 1961, Mwalimu alikuwa akisema nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Chuo cha udaktari hapa nchini hakikuwepo mpaka 1963, pale Dar. Mama huyu akapata nafasi ya kusoma Moscow, Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba. Hebu fikiria: unatoka Bongo, unakutana na theluji, halafu unaanza kwanza kujifunza Kirusi ndipo usomeshwe udaktari kwa Kirusi hicho hicho! Akahitimu 1969. Anatajwa kuwa daktari wa kwanza mwanamke Mtanzania.

Angeweza kuishia hapo, kavaa koti jeupe, heshima anayo. Yeye akasomea ubingwa wa magonjwa ya watoto, kisha akaingia kufundisha Muhimbili. Mwaka 1987 akawa mwanzilishi wa MEWATA, chama cha madaktari wanawake, ambacho baadaye, miaka ya 2000, kilisifika kwa kampeni za kupima saratani ya matiti.

Sasa tuje kwenye uongozi. Mwaka huo huo 1987, daktari bingwa wa wanawake, Profesa Hubert Kairuki, alianzisha hospitali Mikocheni. Miaka kumi baadaye, 1997, akaanzisha chuo kikuu cha udaktari hapo hapo. Mtaniuliza, kwa nini hospitali kwanza? Kwa sababu udaktari haufundishiki ubaoni peke yake. Miaka ya mwanzo mwanafunzi anasoma mwili ulivyo na unavyofanya kazi, halafu anapelekwa wodini, anasimama kwenye kitanda cha mgonjwa huku mwalimu anamuuliza: "Umeona nini? Kwa nini unasema ni malaria?" Chuo cha udaktari kisicho na hospitali ya kufundishia ni kama gereji isiyo na gari.

Kairuki akafariki 1999, chuo kikiwa bado kichanga. Hapo wengi wangesema basi, kimekufa. Mama Mwaikambo akashika usukani kama Makamu Mkuu wa Chuo, na chuo kikasimama. Mpaka leo kipo, kinaitwa Chuo Kikuu cha Kairuki.

Msibabaishwe na neno "makamu". Kwenye vyuo vikuu vyetu Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima, mnamuona kwenye mahafali akitunuku shahada. Makamu ndiye bosi wa kila siku: atafute walimu, asimamie mitaala, pesa zitoshe, ithibati ipatikane. Na kwenye udaktari kuna mzigo zaidi, maana ukimpitisha mwanafunzi mbovu, atakayelipa ni mgonjwa.

Njia yenyewe ikoje siku hizi? Nimeipanga hivi:

1. Kidato cha sita, mchepuo wa PCB.
2. Shahada ya udaktari, miaka 5.
3. Mafunzo kazini hospitalini, mwaka 1, ndipo usajili kamili wa baraza.
4. Ubingwa, kwa kawaida miaka 3 au zaidi.
5. Ukiingia kufundisha: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Hapa unapandishwa kwa kufundisha na kuandika tafiti, siyo kwa kuzeeka ofisini.

Hesabuni wenyewe: toka kidato cha sita mpaka ubingwa ni miaka 9, ukiwa hujarudia hata mwaka mmoja. Ni safari ndefu kuliko treni ya Kigoma!

Na kwa aliyekosa PCB? Mwenye stashahada ya utabibu yenye ufaulu mzuri anaweza kuomba udaktari, ila matokeo yake ya sayansi ya kidato cha nne yanaangaliwa pia. Mwenye stashahada ya unesi mlango wake wa kawaida ni shahada ya uuguzi, na huko nako kuna maprofesa. Vigezo vinabadilika, kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya maombi fungueni kitabu cha mwongozo cha TCU. Msisikilize za vijiweni.

Kwa nini nawasumbua na habari za walimu wa madaktari? Kwa sababu sisi wa Kasulu na Kibondo tunajua maana ya kubeba mgonjwa usiku kwenye pikipiki. Daktari mmoja akija kwetu, tunapona tulio karibu naye. Anayefundisha madaktari, hata akiwa Dar, mkono wake unafika kila wilaya ambako mwanafunzi wake amepangiwa kazi.

Mjomba nimemsomea yote haya kwa simu. Akakaa kimya, halafu akasema: "Haya, kwanza tuione hiyo fizikia yake." Dogo anaanza PCB Julai. Unesi haujadharauliwa hapa, tumekataa tu kufungiwa mlango.

Wewe uliambiwa ni kazi ya watoto wa nani? Maoni hapo chini, bila matusi.