Tangi la Samaki wa Bahari: Usitie Samaki Upesi!

Kama kwenu kuna umeme, nawe wataka kufuga samaki wa bahari katika tangi dogo la kioo, shika neno moja: subiri.

Koroga chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, karibu gramu 35 kwa kila lita. Chumvi ya jikoni haifai. Weka mchanga, mawe makavu ya matumbawe, na mashine ya kuzungusha maji. Maji yataonekana safi. Usidanganyike! Ukitia samaki leo, huenda ukamzika kabla ya juma kwisha, kwa maana mavi yake hutoa amonia, nayo ni sumu.

Basi, kwanza omba jiwe moja katika tangi la zamani la rafiki, utie na kipande cha kamba wa baharini kioze humo. Vijidudu vitaongezeka juu ya mawe. Vingine hugeuza amonia kuwa nitriti, mbaya pia. Vingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo kali. Kazi hii huchukua majuma 4 hadi 6, hata zaidi.

Pima maji kila juma. Amonia na nitriti zikiisha kabisa, badilisha sehemu ya maji, ndipo utie samaki mmoja tu. Matumbawe hai yangoje zaidi. Mvumilivu hula mbivu.